Nilichomtilia Kwenye Uji

Mtaani kwetu Mbagala kila mtu anajua kwamba mdogo wangu alinisukuma nikavunjika mkono. Nilichokuwa nikimtilia kwenye uji siku zile hawakijui, maana mtaani sikumwambia mtu. Leo nasema, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Ugonjwa ulianza kwa kukosa usingizi. Akawa anakesha, akaziba kamera ya simu kwa plasta, kisha akasema kuna watu wanataka kumlisha sumu. Tulianzia kwa mganga. Tukaambiwa ni jini, tukatoa kuku na fedha, hali ikazidi. Hospitali tulifika tumechelewa. Daktari alimpima kwanza malaria na magonjwa mengine yanayoweza kuvuruga akili, akamuuliza kuhusu bangi, ndipo akatueleza kuwa ni saikosisi: mgonjwa husikia na kuamini mambo ambayo kwake ni kweli tupu. Alimwandikia haloperidol, pamoja na kidonge kingine cha kuzuia misuli isikakamae.

Nyumbani akagoma kumeza, nami nikajifanya hakimu. Akisema redio inamtaja, naongeza sauti ili asikie kwamba haimtaji. Akisema anawindwa, naleta ushahidi. Kila hoja nilishinda, na kila niliposhinda alizidi kuniogopa.

Basi nikasaga vidonge nikavikoroga kwenye uji. Kile cha pili nilikiacha, nikidhani ni cha ziada tu. Siku chache baadaye shingo ikampinda, taya likamkaza, macho yakageukia juu. Haloperidol huweza kuleta hali hiyo, hasa kwa vijana wa kiume wanapoanza tiba, na kidonge nilichokidharau ndicho kilichokuwa kinga yake. Yeye alielewa kwa namna yake: amelishwa sumu. Alipoingia jikoni akakuta unga mweupe kwenye kinu. Ugonjwa ulikuwa umemwambia kuna adui, mimi nikampa adui huyo sura.

Alitaka kutoka. Nikasimama mlangoni, nikamkamata shati, nikapiga kelele. Mtu anayeamini amelishwa sumu, kisha aliyemlisha amemzibia njia, angefanya nini? Alinisukuma apite, nikaangukia mkono.

Majirani walikuja na kamba. Waliponiuliza kulikoni, nilijibu, "Kanishambulia." Neno hilo linaniuma kuliko uji. Alifikishwa hospitali amefungwa mikono kama mwizi wa kuku. Sindano iliilegeza shingo muda si mrefu, lakini jina la mtu hatari lilimganda, na mimi niliacha limgande kwa sababu lilinificha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 300 hivi ana skizofrenia, ugonjwa mmojawapo unaoleta saikosisi, na wengi wao hawamdhuru mtu yeyote. Wengine huogopwa kwa sababu ya maneno ya ndugu kama mimi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha nilichopaswa kujua mapema. "Dada," aliniambia, "usibishane na anachokiamini, wala usijifanye unakiamini. Jibu hofu yake." Mwambie unaona anaogopa, muulize kama anataka ukae naye au umpishe. Zima redio, punguza watu, azungumze mtu mmoja kwa sauti ya chini. Yeye awe na njia ya kutoka na wewe uwe na yako. Visu na mapanga viondolewe mapema, tena asione. Na kama ametoa vitisho, ameshika silaha, au sauti zinamwamuru ajidhuru au adhuru mwingine, toka na watoto kisha uite msaada. Kuondoka hapo si kumtupa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayotoa njia ya kumfikisha hospitali hata mgonjwa asiyekubali. Njia hiyo ni nzito, lakini inapita mbele ya macho yake. Na dawa ikimsumbua, daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kumpa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge.

Alipopata nafuu nilimweleza yote. Hakunifokea. Aliuliza kama mama alijua, nikasema hapana. "Basi kamwambie," akasema, nikaenda.

Baadaye tulikaa na muuguzi tukaandika mpango, yeye akisema nami nikiandika: dalili za kuangalia, ya kwanza ikiwa kukesha mfululizo, dawa anayoikubali na ile asiyoitaka, watu wa kuitwa hali ikianza kubadilika. Wa kwanza ni mjomba, wa pili ni muuguzi. Mimi ni wa tatu, na nafasi hiyo naiona ya haki.