Hujafa Hujaumbika: Kilema na Kifo cha Kichanga Kisiwani Mvita

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii humkanya amchekaye mwenye kilema, kwani naye angali hai na lolote laweza kumfika. Hata hivyo, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wapo vichanga wanaozaliwa na kasoro za maumbile, wakafariki kabla ya arubaini ya mama zao kutimia. Matanga yao huwa mafupi na kauli huwa moja: ni kazi ya Mola. Kauli hiyo ni ya imani wala haina ubishi. Lakini inapofunga maswali, sababu ya kifo huzikwa pamoja na mtoto.

Sababu zenyewe zinajulikana. Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hauawi na uwazi huo, bali na vijidudu vipenyezavyo hadi kwenye utando wa ubongo. Akikakamaa na kutetemeka, huambiwa ana dege. Na jina hilo humwelekeza kwenye kombe na hirizi, ilhali kila saa ipitayo ina thamani. Aliyezaliwa matumbo yakiwa nje hupoteza maji na joto, kisha damu yake huingiwa na vijidudu. Asiye na tundu la haja kubwa huvimba tumbo hadi utumbo ukapasuka. Mwenye kasoro ya moyo huchoka anyonyapo, ikasemwa kwamba amekataa ziwa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto wapatao 240,000 hufa kila mwaka kwa kasoro hizo katika siku 28 za kwanza. Aidha, utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliozaliwa matumbo yakiwa nje, walifariki asilimia 90 katika nchi maskini, asilimia 32 hivi katika nchi za kipato cha wastani, na asilimia 1.4 tu katika nchi tajiri. Kilema ni kilekile. Kilichotofautiana ni huduma na wakati wa kuifikia.

Kwa mkazi wa Kibokoni au Kuze, Hospitali Kuu ya Pwani imo kisiwani humohumo. Umbali uliopo si wa njia tu, bali pia wa desturi. Arubaini humkinga mzazi na mwanawe dhidi ya husuda na jicho baya. Humficha pia mtoto aliyestahili kuonwa na daktari. Hata hivyo, si haki kuilaumu desturi yote. Bibi amwogeshaye kichanga kila siku ndiye auonaye mwili wake mzima: mgongo, kitovu, midomo ikigeuka samawati. Bibi huyo akifunzwa dalili, arubaini yaweza kuwa ulinzi wa kweli.

Kinga nayo huanza mapema zaidi. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya hapo, hupunguza sana hatari ya mgongo wazi. Kenya ilianza kulazimisha viwanda kuitia katika unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2012. Mchele, ambao ndio tegemeo la sufuria ya Mswahili, haukuguswa na kanuni hiyo. Kwa hiyo, bi harusi wa Mji wa Kale anahitaji vidonge hivyo mapema, pengine pamoja na hina na singo.

Katika haya, Kiswahili si mtazamaji. Lugha iliyo na mgongo wazi na kichwa maji haijapungukiwa na majina. Kinachosalia ni majina hayo kutamkwa nyumbani kwa wakati, ili dege lisibaki kuwa jibu la kila kifo, na kazi ya Mola isifanywe pazia la kazi iliyowashinda waja.