Kucha za Jumamosi Terrat

UKIPANDA kifodi katikati ya Jiji la Arusha kuelekea kusini, migomba na miti ya miteremko ya Mlima Meru hubaki mgongoni. Mbele kunafunguka nchi tambarare, yenye upepo na vumbi. Huko ndiko iliko Terrat, mojawapo ya kata 25 za jiji hilo, jirani na Muriet. Nyumba mpya za tofali zinazidi kuchomoza, lakini mifugo bado inapita pembeni mwake.

Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa, hutolewa kigoda, beseni na kopo la zamani la biskuti. Ndani ya kopo hilo hamna biskuti. Mna chupa ndogo za rangi ya kucha, pamba, tupa na kikata kucha. Mama, binti na pengine jirani hukaa kivulini, kila mmoja akisubiri zamu yake.

Wapo vijana wanaopita mitaani na kapu la rangi, wakisugua miguu na kupaka kucha za wateja. Saluni nazo zipo. Lakini katika nyumba yenye wanawake watatu au wanne, kupakana wenyewe kwa wenyewe ni nafuu, na vifaa vikitunzwa hukaa muda mrefu.

Kabla ya rangi

Anayekwenda kununua vifaa Soko la Kilombero huvutwa kwanza na safu za rangi: nyekundu, zambarau, dhahabu. Wengi bado huita kila chupa Cutex, hata ikiwa na jina jingine. Kampuni hiyo ilianza Marekani mwaka 1911, na bidhaa yake ya kwanza haikuwa rangi. Ilikuwa dawa ya kulainisha ngozi inayozunguka kucha. Hapo pana somo. Mkono uliofua, ukapalilia na kusugua masufuria hauhitaji rangi kwanza. Unahitaji matunzo.

Kifaa cha kwanza ni beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Dakika tano zinatosha kulainisha kucha na kutoa udongo. Mswaki wa zamani husafisha chini ya kucha, na jiwe la kusugulia miguu hushughulikia visigino vilivyopasuka kwa vumbi la kiangazi.

Baada ya kukata, tupa hupitishwa taratibu kuelekea upande mmoja. Kuikwaruza kucha kwenda na kurudi kama mtu anayekata mbao huifanya ichanike tabaka tabaka. Ile ngozi laini iliyo kwenye shina la kucha haikatwi. Inasukumwa polepole kwa njiti ya kibiriti iliyozungushiwa pamba. Ngozi hiyo ndiyo mlango unaozuia vijidudu. Ikikatwa kwa wembe, kisha mkono huohuo ukashika samadi au udongo wa shamba, mdudu wa kidole hakawii kufika.

Mafuta hupakwa mwishoni, si mwanzoni. Rangi haishiki juu ya kucha yenye mafuta, ndiyo maana kila kucha hufutwa kwanza kwa pamba yenye asetoni kidogo. Kisha hupakwa ile ang'avu isiyo na rangi, ili nyekundu isiache kucha na umanjano. Rangi yenyewe hufuata mara mbili, nyembamba, kila mara ikiachwa ikauke. Juu hufungwa tena kwa ile ang'avu. Anayepaka tabaka moja zito ili amalize haraka hujikuta na rangi inayobanduka hata kabla ya wiki kuisha.

Terrat ina adui wake mwingine: upepo. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye rangi mbichi, kazi huanza upya. Kujifungia chumbani nako si suluhisho, kwa sababu harufu ya rangi na asetoni huumiza kichwa. Mahali pazuri ni kibarazani, upande ambao ukuta unakinga upepo lakini hewa inapita.

Mbali na jiko

Kibaraza hichohicho kisiwe na jiko la mkaa. Asetoni na rangi ya kucha hushika moto upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini kuelekea lilipo jiko. Kupasha vidole motoni ili rangi ikauke haraka ni hatari. Asetoni ibaki kwenye chupa yake, isihamishiwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.

Wanaobandika kucha za bandia wasitumie gundi kali ya dukani. Gundi hiyo ikigusa pamba huweza kutoa joto la kuunguza ngozi. Kwa kila chupa inayonunuliwa ni vyema kusoma lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usimamizi wa vipodozi nchini upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019.

Mkono unaoziba mdomo

Mwenyeji wa Arusha anajua kwa nini jambo hili dogo si la anasa tu. Miamba ya volkano ya Meru huacha floraidi nyingi katika maji ya maeneo mengi yanayouzunguka mlima huo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaundwa, hubaki na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kutibiwa ni salama zaidi kwa watoto wadogo.

Ndiyo maana hapa hukosi kumwona binti anayecheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Jino lake halitaota upya. Kucha huota: ya mkono hukua kiasi cha milimita tatu kwa mwezi, na baada ya miezi sita hivi ni mpya kabisa. Mama anayemshika mwanawe vidole Jumamosi, akavisafisha na kuvipaka kimoja kimoja, anamtengenezea kile kinachoweza kutengenezwa nyumbani. Katika nusu saa hiyo, mkono ukiwa mkononi, hutoka pia maneno ambayo binti asingeyasema wakiwa wametazamana.

Rangi nayo ina muda wake. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji huifuta, kwa kuwa inaweza kuvuruga kipimo cha oksijeni kinachowekwa kidoleni. Anayeswali huiondoa kwanza ili maji ya udhu yafike kwenye kucha. Na mwanafunzi hurudi shuleni na kucha tupu.

Hivyo Jumapili jioni, wakati vumbi limetulia na Meru inaonekana wazi kaskazini, kopo la biskuti hufunguliwa tena. Pamba moja moja hugeuka nyekundu. Kisha mafuta kidogo, vidole vinasuguliwa, na binti anapewa kopo alirudishe kabatini hadi likizo ijayo.