Maswali kwa Fundi wa Muziki

Katika mtaa wetu wapo mafundi cherehani wanne, na wote wanne hutumia cherehani za Singer ambazo umri wake haupishani sana na wangu. Hata hivyo, Idi inapokaribia, foleni huwa kwa fundi mmoja tu. Sijapata kumsikia mteja akimwuliza fundi huyo cherehani yake ni ya aina gani. Watu humwuliza kama kitambaa kitatosha, kwa nini bega amelikata vile, na suruali itakuwa tayari lini, ingawa swali hili la mwisho aghalabu hujibiwa kwa uongo. Lakini mtu huyohuyo akikutanishwa na mtengenezaji wa muziki, yaani hawa ambao vijana huwaita maprodyuza, neno la kwanza kumtoka kinywani ni: unatumia programu gani?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi mno tangu mpwa wangu alipoamua kwamba riziki yake imo katika kutengeneza midundo. Kijana huyu ameendesha bodaboda kwa miaka miwili, akatunza kibubu, na alipokivunja akakuta shilingi 1,800,000. Fedha hizo zote alitaka kuziacha Kariakoo kwa siku moja. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alimkataza asinunue hata waya kabla ya kuzungumza na watu wa kazi hiyo, tena akafuatane na mjomba wake. Nilichaguliwa kwa sababu zamani nilipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi, na bendi yetu ikapata kurekodi Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu. Kwa dada yangu, jambo hilo linatosha kunifanya mtaalamu wa kompyuta.

Mpwa wangu alikuja na karatasi yenye maswali 11. Tisa kati yake yalitaka majina: programu, toleo lake, spika, maikrofoni, kompyuta, na kadhalika. Nilimwambia kwamba majina hayo angeweza kuyapata kwa muuza duka bila kumsumbua mtu kazini mwake. Yeye akanijibu kwa adabu, lakini bila kulegeza: "Sasa mjomba, nisipojua chombo, kazi nitaijuaje?" Hapo tulibishana hadi taa zikawashwa. Siwezi kusema hakuwa na hoja. Chombo kina mambo yake, na mtu anayekidharau hatafika mbali. Ila jina la chombo ni jambo moja, na alichokifanya mtu kwa chombo hicho ni jambo jingine.

Nilimpa mfano wa wimbo wa Cher uitwao "Believe", uliotoka mwaka 1998. Ndani yake sauti ya mwimbaji huruka kutoka noti hadi noti kama ya mashine, na dunia nzima ilitaka kujua siri yake. Mwanzoni mwa mwaka 1999 mmoja wa watengenezaji wake, Mark Taylor, aliliambia jarida la Sound on Sound la Uingereza kwamba ile ni kazi ya vokoda, kifaa cha zamani cha kuchanganya sauti ya mtu na ya kinanda. Haikuwa hivyo. Baadaye ilifahamika kwamba walikuwa wametumia Auto-Tune, programu iliyotoka mwaka 1997. Iliundwa na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafutia mafuta ardhini. Kazi yake ilikuwa kurekebisha noti zilizopinda polepole, msikilizaji asitambue. Watu wa "Believe" waliiamuru irekebishe papo hapo, kwa kasi ya mwisho, na ule ukali uliopaswa kufichwa ndio ukawa wimbo.

Basi angalia. Walioulizwa jina la chombo walitoa jina la uongo, na walikuwa na sababu, kwa maana jina ndilo peke yake linaloweza kuibwa. Kama ningekuwa mwandishi wa jarida lile, ningeuliza: ni kitufe gani ulikisukuma kuliko alivyokusudia aliyekitengeneza, na ulikuwa unatafuta nini wakati huo? Swali la namna hiyo ni gumu kulidanganya, kwa sababu anayejibu hana budi kukumbuka usiku fulani na mkono wake ulipokuwa. Tuliliandika kwenye karatasi, la kwanza.

Prodyuza wa kwanza tuliyemtembelea ana chumba kimoja Temeke, kilichozibwa kwa magodoro ukutani, feni ikizimwa kila mtu anapoingiza sauti. Anatumia FL Studio, ambayo watengenezaji wake, kampuni ya Ubelgiji, waliitoa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mitaani bado huitwa Fruity. Mpwa wangu hakuhitaji kuuliza, kwa kuwa ilikuwa wazi mbele yetu kwenye skrini. Ukiifungua programu hiyo unakutana na safu ya visanduku 16, na kila ukigusa kisanduku ngoma hulia mahali hapo. Ni jambo la kupendeza sana. Mtoto wa miaka kumi ataweza kupata mdundo kabla chai haijapoa.

Mimi nikamwuliza: na ukitaka chakacha?

Yule bwana aligeuza kiti chake. Mpaka hapo alikuwa akitujibu huku akiangalia simu. Alisema swali hilo lilimtesa mwaka mzima, alipoletewa binti wa Tanga aliyeimba nyimbo za harusi. Chakacha haihesabiki kwa nne nne. Hutembea kwa sita, na visanduku 16 havigawanyiki kwa tatu. Mwanzo aliulazimisha wimbo uingie humo, na binti akawa anajikwaa kila mstari wa pili, watu studioni wakamcheka kwamba hajui kwenda na biti. Kumbe aliyekuwa hajui ni kompyuta. Siku moja alizima kila kitu, akamwomba mama mtu mzima aliyemsindikiza yule binti apige makofi tu, akayarekodi makofi hayo, kisha akapanga ngoma zake kwa kuyafuata makofi badala ya visanduku. Alitupigia wimbo wenyewe. Mpwa wangu alisahau kuandika.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Kila programu ina mlango wake wa mbele, na watu wengi huishi maisha yao yote ukumbini pa mlango huo. Ile inayoanza na visanduku inakualika ujenge kipande kifupi na kukirudia. Ile inayoanza na utepe mrefu mtupu inakualika upige wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama tulivyofanya sisi. Kwa hiyo swali juu ya programu linafaa, ila liulizwe hivi: inakusukuma kufanya nini ambacho wewe hukukitaka, na unaikwepaje? Burial, yule msiri wa London aliyetoa albamu ya Untrue mwaka 2007, alieleza katika mahojiano kwamba alipanga midundo yake kwa macho, akiangalia mawimbi ndani ya Sound Forge, ambayo ni programu ya kukatia na kusafishia sauti, bila visanduku vya kumpangia. Midundo yake huchechemea kidogo kama mtu anayetembea usiku, na wengi waliipenda kwa hilohilo.

Wa pili, huko Sinza, alikuwa na kila kitu, viyoyozi viwili na kochi la ngozi, na hakutuambia lolote la maana. Nitampita. Nasema tu kwamba tulipomwuliza ni wimbo gani uliomshinda, alijibu hakuna, na mpwa wangu, ambaye siku ile nilimwona amekua, alifunga daftari.

Swali la kushindwa nililileta mimi, na lilitokana na ile siku ya Radio Tanzania. Wakati ule bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mpiga tumba akikosea, sote tulianza upya, na muda wetu studioni ulikuwa umehesabiwa. Vijana wakisikia hivyo hutuonea huruma, wakidhani hatukuwa na nafasi ya kusahihisha. Nafasi tulikuwa nayo, tena kubwa: ukumbi. Wimbo uliingia studio baada ya kuchezwa miezi mingi mbele ya watu waliolipa kiingilio. Pale walipokwenda kuketi, tulipakata. Pale walipopiga kelele, tulipaongeza mzunguko mmoja. Kuna ubeti mmoja mzuri sana, kwa maoni ya aliyeutunga, ambao wacheza dansi waliuua katika majuma mawili, na hakuna aliyeulilia isipokuwa yeye.

Prodyuza wa leo yuko peke yake saa tisa za usiku. Hakuna anayeketi, hakuna anayepiga kelele. Kompyuta humruhusu kufuta na kurudisha mara mia, na haichoki wala haimwambii inatosha. Kwa hiyo swali ambalo mimi ningempa kila kijana anayekwenda kumtembelea mtu wa kazi hiyo ni hili: nani husikiliza kabla hujaamua kwamba umemaliza, na mara ya mwisho alikufanya uondoe nini? Liulizwe kwa wimbo mmoja, wenye jina. Ukimwuliza mtu kwa jumla atakujibu kwa jumla, atakuambia hutegemea hisia na hupenda kujaribu vitu vipya, na hayo hata mimi naweza kuyasema nikiwa usingizini.

Singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, haukutengenezewa vyumba vyenye viyoyozi. Ulikulia kwenye vigodoro na shughuli za mitaani, ambako ma-DJ walichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza, na umati ukaamua kasi gani inafaa. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa albamu ya Sounds of Sisso, watu wa Ulaya waliuliza ni mashine gani hizo. Zilikuwa kompyuta za kawaida. Na tusidhani ni huku kwetu tu: ngoma zinazosikika katika "Umbrella" ya Rihanna, ya mwaka 2007, ni kipande kilichomo tayari ndani ya GarageBand, programu ambayo Apple huiweka katika kompyuta zake. Mamilioni ya watu walikuwa nacho nyumbani. Aliyekisikia ni mmoja.

Wa tatu ni wa Kinondoni, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Huyu alijibu swali la msikilizaji bila kufikiri: mkewe, anayeuza vitumbua asubuhi. Wimbo ukiwa tayari huuweka kwenye simu ya bei rahisi, huiacha simu jikoni na kuondoka. Mafuta yanachemka, watoto wanalia, wateja wanagonga. Akirudi humwuliza mkewe ameshika maneno gani. Kama hakushika lolote, hurudi kazini. Mara ya mwisho aliondoa kinanda kizima alichokifanyia kazi siku nne. Alisema siku nne, akanyamaza kidogo, akatuongezea chai.

Kisha akaleta jambo ambalo halikuwamo katika karatasi yetu. Alimwuliza mpwa wangu: umejiandaa kuulizwa biti ni ya nani? Akatueleza kwamba katika miaka yake ya mwanzo alilipwa taslimu mara moja kwa mdundo ambao baadaye ulisikika hadi kwenye matangazo ya biashara, wala hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Aliyemlipa hakumtaja jina, nasi hatukuuliza. Siku hizi huandika nusu ukurasa kabla ya kuwasha kompyuta: nani katunga, nani kapiga, nani anamiliki kiasi gani, sahihi mbili. Alitupa nakala moja tupu.

Njiani mpwa wangu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, kama mimi na wenzangu tuliwahi kuandikiana kitu chochote kule kwenye bendi. Nilimwambia hatukuandikiana.

Kompyuta hajanunua bado. Ameomba kukaa Temeke kila Jumamosi kwa miezi mitatu, azibe madirisha, azime feni, na kutazama. Kibubuni zimetoka shilingi 34,000, za nauli, daftari na soda, na dada yangu huzihesabu zilizobaki kila Ijumaa.