Kabla Hela Haijatoka

Dalali wa Dar es Salaam hawezi kukuambia kwamba nyumba iko mbali. Iko pua na mdomo kutoka lami, au "dakika tano tu, dada, unafika hata jasho halijatoka." Mwaka jana nilizitembea dakika tano hizo kwa wiki tatu: Makumbusho, Sinza, Mwenge, Kijitonyama nyuma ya nyuma, begani nina mkoba wenye makala za semina ambazo zilikuwa zinasubiri kusomwa. Kila dalali anataka elfu kumi au ishirini ya kukuonyesha, upende usipende. Ukipenda, anachukua kodi ya mwezi mzima kama malipo yake. Sina ugomvi nao. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5 na halina daftari moja la nyumba zilizo wazi. Daftari lenyewe liko vichwani mwa hawa vijana wenye simu mbili mbili na bodaboda ya mkopo. Ila ukimsikiliza dalali, msikilize kama unavyomsikiliza muuza mitumba wa Karume. Bei ya kwanza ni salamu.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, wote mwaka wa kwanza wa uzamili. Yeye alikuwa anakaa kwa shangazi yake Gongo la Mboto na kila siku alikuwa anapoteza saa nne ndani ya daladala. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Sinza, kwenye nyumba ya wapangaji watano tuliochangia choo, bomba na mita moja ya LUKU. Tulitaka sehemu kwenye ghorofa: vyumba viwili, jiko ndani, geti, na mlango ambao ukiufunga dunia inabaki nje. Bei tuliyoweza kuibeba ni laki sita kwa mwezi. Kwa wawili haitishi. Kinachotisha ni kwamba hapa mtu halipi mwezi; analipa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Laki sita mara sita ni milioni 3 na laki 6, ongeza laki sita ya dalali. Kila mmoja wetu alitakiwa kuweka mezani milioni 2 na laki moja kabla hajanunua hata pazia.

Zangu zilitoka Njombe. Mama alivunja kikoba chao mwisho wa mwaka, akaongeza hela ya parachichi, akanitumia kwa mafungu matatu kwenye simu kwa sababu hakuamini kutuma zote siku moja. Kisha akapiga.

"Mwanangu, hiyo hela ukishampa mtu wa watu, kesho maji yakikatika utamuuliza nani?"

Nilimwambia nitamuuliza mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ana hela yako ya miezi sita. Atapokea simu ya nini?"

Mama hajawahi kupanga nyumba maisha yake yote, lakini kwa maneno hayo machache alinieleza soko la nyumba la Dar vizuri kuliko mtu yeyote. Mpangaji anayelipa kila mwezi ana nguvu mara kumi na mbili kwa mwaka. Anayelipa miezi sita ana nguvu mara mbili tu, na siku ile ya kwanza kabisa ndiyo kubwa. Kila swali ulilonalo, hata la kijinga, linatakiwa kuulizwa hela ikiwa bado yako.

Swali la kwanza ni nani anakupangisha. Kwenye nyumba ya kawaida ya Sinza mwenye nyumba utamkuta barazani na khanga yake. Kwenye ghorofa si hivyo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo na kupewa hati ya sehemu hiyo peke yake. Ngazi, paa na uwanja vinabaki vya wote, na wamiliki wanakuwa na umoja wao wa kuvisimamia. Kwa hiyo jengo moja la ghorofa sita linaweza kuwa na wenyewe ishirini, mmoja yuko Masaki, mwingine Mwanza, mwingine Uingereza, na kila mmoja ana ndugu, mpwa au fundi anayeshika funguo. Kushika funguo si kumiliki. Utapeli maarufu wa jiji hili unaanzia hapo: sehemu moja inapangishwa kwa watu watatu ndani ya wiki moja, na wote watatu wanakutana mlangoni na magodoro yao.

Kijitonyama tulionyeshwa sehemu nzuri mno, ghorofa ya tatu, vigae vipya, kabati za jikoni zinanukia mbao. Aliyetupokea alisema ni mpwa wa mwenye mali, na mjomba yuko Uingereza. Alitaka hela kabla ya saa kumi na moja jioni kwa kuwa "kuna mtu wa benki anakuja kulipia". Niliomba mambo mawili. Tumpigie mjomba kwa video atuonyeshe uso na hati, halafu mkataba tuukasainie ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, upigwe muhuri. Mpwa akacheka.

"Dada, wewe umesoma sana."

Mjomba alikuwa kazini. Baadaye alikuwa amelala. Mwenyekiti, tukaambiwa, huwa anachelewesha watu. Rafiki yangu alinivuta pembeni, macho yamemjaa. Shangazi alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi, na pale palikuwa pakavu, pasafi, panakalika leo leo. Aliniambia kwamba mimi nina mahali pa kurudi, ndiyo maana nina muda wa kuuliza. Ilikuwa kweli. Hata hivyo niliishika hela ya Mama, na kwa siku nne hatukusemeshana zaidi ya "umeshusha ile makala?" Huenda yule kijana alikuwa mpwa kweli. Lakini mwenye haraka na hela yako kiasi hicho, mwache ampokee huyo mtu wa benki.

Sehemu tuliyochukua mwishowe haikupendeza picha. Tuliitembelea mara tatu: mchana, saa tatu usiku, na mara nyingine siku umeme umekatika. Hiyo ya tatu ndiyo ninayomshauri kila mtu. Umeme ukiwapo, kila ghorofa lina maji. Ukikatika ndipo unajua kama pampu ina jenereta, au kama kuanzia ghorofa ya tatu watu wanapanda na ndoo.

Na mtu wa kumuuliza ni mlinzi, wala si dalali. Wa kwetu ni mzee. Nilimpa shikamoo yake, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwacha aongee. Nilipata yote: maji ya DAWASA yanatoka siku zipi, tenki la juu linamaliza muda gani, nani anapiga muziki, ni nani alihama na kwa nini. Yeye ndiye aliyenifumbua macho kuhusu hela ya huduma. Kila sehemu inachangia elfu hamsini kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi, usafi, taa za ngazi na mafuta ya jenereta, na hiyo haimo kwenye kodi anayokutajia dalali. Kama mwenye sehemu ana malimbikizo, atakayesimamishwa getini na kusemwa ni wewe uliyemo ndani. Uliza nani analipa, uliza kama kuna deni, kisha liandikwe kwenye mkataba.

Mita nayo iwe yako peke yako. Tanesco ina daraja la matumizi madogo: mteja wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi anauziwa yuniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Anayezidi anahamia daraja ambalo bei yake ni karibu mara tatu. Watu watano wenye feni hawawezi kuishi ndani ya yuniti 75, kwa hiyo kule Sinza yule binti mwenye balbu moja alikuwa analipia joto la friji ya jirani. Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ni deni la mwenye jengo, lakini linamkata anayenunua umeme. Mwambie mapema kwamba mtaipunguza kwenye pango.

Mwenye sehemu yetu ni mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro. Alikuja kwa treni ya umeme, hati yake ndani ya bahasha ya kaki, tukaenda naye serikali ya mtaa bila kusukumana. Njiani alituuliza kama tuna wachumba, swali ambalo wapangaji wanaume, naambiwa, hawaulizwi. Rafiki yangu akajibu, "Tuna tasnifu, mama." Alicheka mpaka akasimama. Tukaomba kulipa miezi mitatu mitatu, kwa benki si mkononi, akakubali kwa sharti kwamba tusimcheleweshe hata siku moja. Tulipiga picha kila ufa na kila bomba linalovuja, akasaini nyuma ya orodha.

Hela ya Mama iliyobaki ni ya robo inayofuata. Iko kwenye akaunti, na rafiki yangu ndiye anayenikumbusha tarehe. Nilipompigia Mama kumwambia tumehamia, aliniuliza ghorofa ya ngapi.

"Ya nne."

"Na ndoo mmenunua?"

Mbili, nikamwambia, zenye mifuniko.