Khamis Amekwenda Wapi?

Kompyuta haijui mstari. Inajua namba tu, na mwisho wa mstari nao ni namba. Tabu ni kwamba wakubwa hawakukubaliana namba gani. Mashine za zamani za teleprinta zilitaka amri mbili: 13, kichwa cha kuchapa kirudi kushoto, 10, karatasi isogee mstari mmoja. Windows imezirithi zote mbili kupitia DOS. Linux, kama Unix, inatumia 10 peke yake. Mac za kabla ya OS X zilichukua 13.

Utasema hayo ni ya mafundi, sisi wa ualimu yanatuhusu nini? Hebu sikiliza.

Skuli moja ya Wesha, nilikokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ilipata orodha ya wanafunzi iliyotolewa na programu kwenye laptopu ya Linux. Ofisini ikafunguliwa kwa Notepad ya Windows 7, ambayo haiitambui 10 ikiwa peke yake. Majina yote yakaja mstari mmoja, yamegandana:

ALI JUMAKHAMIS ALI OMARALI SALIM...

Karani akasema faili limeharibika, akaanza kulipiga upya. Palipogandana akaweka nafasi, na kila yakitimia majina matatu akakata mstari. Akapata ALI JUMA KHAMIS, halafu ALI OMAR ALI. Lakini kwetu Pemba si kila mtoto kaandikishwa kwa majina matatu. Ali Juma kapewa babu asiyekuwa wake, na Khamis hayupo tena, na orodha hiyo ndiyo ya kujazia fomu za mtihani! Kinachonitisha ni kuwa ukiisoma, inaonekana safi kabisa.

Faili lenyewe lilikuwa zima. Tulilifungua kwa WordPad, kila mtu akawa kwenye mstari wake. Notepad nayo inasoma aina zote tatu tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018, ila kompyuta za maofisini kwetu hazistaafu.

Darasani tunafundishwa print, kwenye skrini ya maabara mambo yanapendeza, tunapewa maksi. Hakuna anayeuliza nani atalifungua faili hilo, na kwa mashine gani. Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza.

Kwenye Python jibu ni fupi. Kama msomaji yuko Windows, andika:

open("majina.txt", "w", newline="\r\n")

kisha malizia mistari kwa \n kama kawaida. Usiandike \r\n kwa mkono: Python itaongeza \r nyengine, uanze kushangaa mistari mitupu inatoka wapi.