Dakika Kutoka Houston

Hadi Februari 2005, simu za kwenda nje ya nchi kutoka Tanzania Bara zilikuwa za kampuni ya simu ya TTCL peke yake. Serikali ilipouza sehemu ya hisa za kampuni hiyo mwaka 2001, wanunuzi walipewa miaka minne ya kutawala simu za mezani na za nje bila mshindani, na miaka hiyo minne ndiyo iliyonilipia ada. Bila bei kubwa ya TTCL, nani angekubali kujibanza mbele ya kompyuta chakavu nyuma ya Barabara ya Sokoine, Arusha, na hedifoni iliyozungushiwa selotepu masikioni, ili amsikie mwanawe akiongea kama mtu aliyeko ndani ya pipa?

Nilikuwa nasoma Chuo cha Uhasibu, Njiro. Jioni na Jumamosi nilishinda kwenye intaneti kafe moja mjini, ambako mwenye mali aliniachia kompyuta mbili za pembeni kwa makubaliano kwamba faida tunagawana. Bango la nje lilitaja barua pepe, kuchapa na fotokopi. Neno simu halikuwemo, na kila mtu mjini alijua kwa nini halikuwemo.

Tulianza na programu za Net2Phone na Dialpad, na Skype ilipotoka mwaka 2003 tukahamia huko taratibu. Sauti ilitoka Arusha, ikapanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta, ikateremka bara jingine, ndipo ikaanza kutafuta nyumba ya mtu. Kwa hiyo ukiuliza swali, ungoje. Wasiojua walidhani hawajasikika, wakarudia kwa kelele, na jibu likawakuta katikati ya kelele. Nikawa nawafundisha wateja wamalizie kila zamu kwa kusema "haya", kama polisi na redio zao.

Ugumu mkubwa haukuwa mitambo. Dakika zilinunuliwa kwa kadi ya benki ya kimataifa, na mimi hata akaunti ya kawaida sikuwa nayo. Aliyeniokoa ni kijana tuliyesoma naye sekondari, mtoto wa Nkoaranga, ambaye alikuwa Houston akifanya kazi usiku na kusoma mchana. Yeye alinunua salio huko kwa kadi yake, akanitumia namba za siri kwa barua pepe. Mimi mwisho wa mwezi nilipanda kifodi hadi Tengeru, nikapandisha mlima kwa miguu, nikamkabidhi mama yake pesa mkononi. Hakuna dola iliyovuka bahari kwa upande wowote. Mama alipata matumizi, kijana hakulipa gharama za kutuma, nami nikapata mzigo wa kuuza. Msomali mmoja mwenye duka la vitambaa nilipomweleza alicheka sana, akasema babu yake alifanya hivyo hivyo, ila hakuhitaji kompyuta.

Dakika ya Marekani ilitugharimu kama shilingi 100, tukaiuza 500. Ghali? Mtu akitoka kuulizia bei ya kupiga kwa njia ya kawaida, alikuja kwetu bila ubishi.

Wateja Arusha ya wakati ule walikuwepo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa kwenye kituo cha mikutano cha AICC tangu katikati ya miaka ya 1990, na wafanyakazi wake walikuwa na ndugu Dakar, Montreal na Kigali. Walikuja madalali wa tanzanaiti waliotoka Mirerani, wakipiga Jaipur na Bangkok kwa kunong'ona, kana kwamba jirani yao wa kompyuta angewaibia jiwe kupitia sikio. Walikuja wazungu wa kujitolea na vijana wa kampuni za utalii. Hao wote walilipa vizuri na siwakumbuki sana.

Ninaowakumbuka ni akina mama wa mlimani. Watu wa Meru hawakuwa wageni wa safari ndefu. Walishachangishana na kumtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kupeleka shauri la ardhi yao ya Engare Nanyuki. Nusu karne baadaye wajukuu walikuwa wametapakaa Marekani na Ujerumani, na mama zao waliteremka mjini siku ya soko na karatasi iliyoandikwa na mjukuu: namba ya simu juu, mambo ya kusema chini.

Siku ya kwanza ya mama yule wa Nkoaranga nilikuwa nimeshika saa. Kijana akaanza, "Shikamoo mama." Lakini shikamoo ilikuwa bado njiani wakati mama ameshauliza habari za kazi, na ilipofika, yeye alikuwa anasubiri jibu la kazi. Akaziba maiki kwa kiganja, akanigeukia. "Huyu hajaniamkia."

"Ameshakuamkia mama, inachelewa tu."

"Mimi sijasikia. Aanze tena. Na wewe baba, hiyo saa isimamishe kidogo, mtu hasalimiwi kwa kukimbizwa."

Sikuisimamisha, lakini sikumdai dakika ile.

Baada ya hapo nikaanza kuliangalia daftari langu kwa jicho jingine. Watu waliozoea kupiga kwa bei ya zamani walikuja na salamu iliyofupishwa hadi mfupa: mzima, sisi wazima, baba yako anaumwa, tuma hela. Tuliposhusha dakika hadi 300, shikamoo ikarudi na marahaba yake. Tuliposhusha hadi 200, zikafuata habari za ng'ombe, za mvua, za jirani aliyehama. Wanafunzi wenzangu walichora mistari ya bei na mahitaji kwa rula. Wangu nilikuwa nausikia kwa masikio.

Ukiritimba ulipokwisha mwaka 2005, tulidhani ndiyo tunatoka gizani tutajirike. Mwaka uliofuata ukaja ukame na mgao wa umeme, na jenereta ikala faida yote. Wengi husema biashara kama yetu iliuawa na WhatsApp. Si kweli, WhatsApp ilianza kupiga simu za sauti mwaka 2015, tukiwa tumeshazikwa zamani. Kilichotumaliza ni Nokia ndogo ya tochi. Mama akishakuwa nayo jikoni, kupokea ni bure, na kijana wa Houston ananunua kadi ya kukwangua dukani kwake na kupiga mwenyewe. Mkondo ukageuka: aliyekuwa na pesa ndiye aliyepiga. Waliobaki kwetu ni wa barua pepe, na hao nao hawakukaa. Waya wa intaneti wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, ulipowashwa Dar es Salaam Julai 2009, mimi nilikuwa dirishani nikiuza vocha na kutoa pesa za M-Pesa, iliyokuwa imeingia nchini mwaka mmoja kabla. Kazi ile ile ya namba za siri na mama kupewa pesa mkononi, safari hii kwa leseni na fulana ya kampuni.

Mama wa Nkoaranga bado ni mteja wangu. Ana simu ya kupangusa na bando la wiki, na anaweza kumwona mwanawe sura kwa sura akitaka. Tatizo ni kwamba sasa kila mtu anaweza. Wajomba wanampigia kijana, kamati za harusi zinampigia, kikundi cha ukoo kina watu zaidi ya themanini na kila msiba una daftari la michango. Dakika ilipokuwa 500 alipigiwa na mama yake tu, na alipokea hata akiwa kazini. Siku hizi simu inaita hadi inakatika. Juzi mama alinisogelea dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama wale madalali wa tanzanaiti: "Hivi wewe, huyu mwenzako hana namba nyingine?"

Anayo. Nilimwandikia kwenye karatasi.