Megahezi Mia na Hamsini za Bure

Mwaka 1999, nikiwa mkuu wa shule, kamati ya wazazi ilitupatia fedha za kununua kompyuta moja. Hazikutosha kompyuta ya maana. Mpwa wangu, fundi wa vyombo hivyo Dar es Salaam, akaniambia, "Mjomba, nunua ya bei ndogo, mimi nitaiamsha."

Tukachukua yenye prosesa ya Celeron 300A. Intel waliitoa Agosti 1998 kwa dola 149, na mwezi huohuo wakatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Ndiyo hiyo tofauti iliyowatia watu wazimu. Prosesa hupata mwendo wake kwa kuzidisha mapigo ya bodi kuu, ile mafundi waiitayo mazabodi. Kizidisho cha Celeron kilifungwa kiwandani kwenye 4.5, hakiguswi, mapigo yalipaswa kuwa 66, na 66 mara 4.5 ni kama 300. Lakini bodi tuliyonunua, Abit BH6, ilikubali kupandishwa mapigo hadi 100 kwa kuchagua tu kwenye skrini, bila kufungua kifuniko. Piga hesabu mwenyewe: 450. Si kila Celeron ilistahimili, ila nyingi ziliweza, na yetu iliweza. Mpwa wangu aliongeza umeme kidogo na kufunga feni kubwa zaidi.

Kila asubuhi ilipowashwa, skrini iliandika 450. Nilifurahi kama mtoto. Wajumbe wa kamati walipokuja kuikagua nilinyamaza, wakaondoka wakisifu jinsi nilivyojua kununua.

Basi, Februari 2000 joto lilikuwa kali, na ofisi ya taaluma ina bati lisilo na dari. Usiku mmoja mwalimu wa taaluma alikuwa akiingiza alama za kidato cha nne. Chombo kikaganda. Alipokiwasha upya, faili lilikuwa limeharibika. Asubuhi alisimama mbele ya meza yangu, mtu mzima mwenye wake, akasema, "Mkuu, nisamehe, nadhani nimebonyeza pasipostahili."

Nilijua hakubonyeza popote. Nilimwambia awe mwangalifu zaidi.

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuyapunguza. Jioni nilimpigia simu mpwa wangu, akanielekeza namna ya kurudisha mapigo 66. Mwalimu alikaa siku mbili usiku na mchana akiingiza alama upya kutoka madaftarini, na kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja sikumwona tena akigusa kibodi bila kwanza kuwatazama waliokuwapo.

Nilimweleza ukweli nilipokwisha kustaafu, tukiwa tumekaa barazani kwake. Nilitegemea akasirike. Alikaa kimya, kisha akauliza kama chombo kilichopelekwa mbio hivyo huganda tu, au kinaweza pia kukosea kujumlisha kabla ya kuganda. Nikajibu kwamba kinaweza. Mpwa wangu alinieleza hayo baadaye.

"Zile alama za Februari nilizirudia kwa mkono," akasema. "Ripoti za Desemba je?"

Ripoti za Desemba 1999 zilijumlishwa zote kwa 450. Zilikwenda majumbani, na watoto wengine walikariri darasa kwa ripoti hizo. Saini iliyo chini ni yangu.